Ufunguo Uliobaki Nje ya Mlango

Sogezeni viti, enyi watu wa vibarazani na wa majikoni, enyi mnaomenya vitunguu na enyi mnaongoja gari la mkate. Zimeni redio, mnyamazisheni mtoto, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize kabisa. Nipeni karatasi isiyo na mkunjo na wino usiokatika, kwa maana haya ninayoyaandika si ya kupitishia wakati. Wengine wamewaandika wafalme waliovuka bahari na majahazi ya vita wakazitwaa ngome. Mimi namwandika Wiebe wa Leeuwarden, mwana wa Terpstra, Bwana wa Makomeo, Mjuzi wa Hatari, aliyevuka bahari kwa ndege ya tiketi rahisi akiburuta sanduku la magurudumu, akafika kisiwani Gozo, akapanga nyumba katika kijiji cha Ghasri, na hapo, mbele ya mashahidi walio hai mpaka leo, akautoa mkono wake pale ambapo ulikuwa haujawahi kutoka.

Huyo Wiebe alifanya kazi ya bima tangu ndevu zake ni laini mpaka zilipogeuka nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuwaza mabaya yatakayowapata watu wengine. Akiingia harusini, wenzake waliona bibi harusi. Yeye aliona pazia lililo karibu mno na mshumaa. Akipewa mtoto mchanga ambebe, alitazama kwanza kama sakafu ni ya vigae. Mlango wa nyumba yake kule Uholanzi, ghorofa ya tatu, ulikuwa na vitasa vitatu na mnyororo, na kila alipotoka alivifunga vyote, akashuka ngazi, akapanda tena kuvijaribu. Naye mkewe alikuwa Tineke, Tineke wa Goti Bovu na Kicheko Kizima, aliyemngoja chini kwa subira miaka yote hiyo huku akisoma majina ya majirani kwenye visanduku vya barua, majirani ambao hakuwahi kuwaona sura.

Ni Tineke aliyetaka wahamie Gozo wazeekee huko. Na ni Wiebe aliyesema, kama ilivyo desturi ya watu wa bima, kwamba kwanza wapime. Basi wakaja kupima majira ya baridi, kwa kuwa kila mgeni anakipenda kisiwa hiki kwenye joto, lakini ni wachache wanaokipenda mwezi wa Januari, wakati kuta za mawe zinatoa maji kama paji la uso la mwenye homa na viatu vilivyo chini ya kitanda vinaota kuvu la kijani. Wiebe akapima. Alipima unyevu kwa kidude maalumu alichokuja nacho. Alipima upepo, kwa maana upepo ukichacha feri haivuki. Alipima umbali wa hospitali, akapima tena kwa njia nyingine, akitumaini utapungua. Kwenye upande wa pili wa mizani akaweka jua, na goti la Tineke, ambalo tangu wafike lilikuwa limeacha kulalamika. Na mizani ikakaa pale pale ikitetemeka, haipandi haishuki, mpaka mwezi wa Machi ukaingia.

Ndipo asubuhi ya Jumanne moja akaja Leli, mwenye nyumba, mtu mnene wa taratibu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, akaegemea mlango.

"Bwana Wiebe," akasema, "baridi imekwisha na wewe bado unapima tu. Hata fundi wa suti ya askofu hapimi hivyo. Leo kengele ya adhuhuri ikilia, nataka neno."

"Neno gani?"

"Mnakaa au mnaondoka. Kuna mume na mke wa Bremen wanavuka na feri saa hizi. Wameipenda nyumba kwenye picha."

"Kwenye picha hakuna kuvu," Wiebe akasema.

"Ndiyo maana nilipiga picha mwezi wa Agosti." Leli akatabasamu, akaenda zake polepole.

Hapo likakaa baraza la vita, mezani jikoni, kati ya sukari na jibini. Shujaa akasimama, akaweka mkono mmoja juu ya jokofu kama mtu aliyeweka mkono juu ya shingo ya farasi, akanena: "Ewe Tineke, mwandani wa siku zangu, uliyekula nami mkate mkavu na mkate wa siagi. Je, tuiache nchi yenye barabara zilizonyooka na mabomba yasiyovuja, nchi ambamo basi likisema saa mbili na dakika sita huja saa mbili na dakika sita, kwa ajili ya jiwe hili lililoanguka katikati ya bahari? Upepo ukivuma feri haiji. Na feri isipokuja, daktari wa moyo haji."

"Moyo wako ni mzima. Daktari alisema."

"Alisema mwaka jana."

"Wiebe, keti. Kahawa inapoa."

Akaketi. Tineke akakatakata jibini vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja.

"Mimi nataka kubaki," akasema. "Nimeshasema, na sitasema tena. Lakini sitaki ubaki kwa kunihurumia, halafu kila siku nikuone umesimama dirishani unahesabu mawimbi. Ukitaka turudi, tunarudi. Sitanuna."

"Hutanuna?"

"Nitanuna kidogo."

Wote wawili walijua alichokiogopa Tineke, ingawa hawakukitaja. Msimu wa vuli mmoja kule Leeuwarden, Wiebe akiwa safarini kikazi, mkewe aliteleza jikoni akaanguka, goti likageuka upande usio wake, asiweze kusimama. Akalala sakafuni tangu chai ya asubuhi mpaka taa za barabarani zikawaka. Alikuwa na kijiko mkononi, akawa anagonga bomba la maji. Majirani walisikia, walikuja kusema baadaye. Walidhani kuna mtu anatengeneza kitu. Basi tangu siku hiyo, Wiebe akisafiri, Tineke hakulala katika nyumba ile. Alikaa kwenye kiti, ameshika simu.

Shujaa akavaa koti lake la mvua, lile lenye mifuko ya zipu, akatoka kwenda kupima kwa mara ya mwisho.

Hakufika mbali. Mlango wa pili kutoka kwake ulikuwa wa mama Chensa, mjane wa Ghasri, Malkia wa Jibini Ndogo, Mama wa Sungura, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Na katika tundu la kitasa cha mlango ule, kwa nje, upande wa barabara, peupe, mbele ya macho ya jua na ya wapita njia, ulikuwa umechomekwa ufunguo.

Ifahamike kwamba Wiebe alikuwa ameziona funguo za namna hiyo majira yote ya baridi. Mlango huu una ufunguo kwa nje, na ule una ufunguo kwa nje, na kila alipouona mmoja alitikisa kichwa. Alidhani watu wa kisiwa hiki ni wasahaulifu. Alikuwa ameliweka hilo kwenye mizani pamoja na kuvu na feri: taifa zima la watu wanaosahau funguo milangoni. Lakini hakuwahi kugusa mali ya mtu, akawa anapita tu akiwaombea.

Asubuhi ile hakupita. Labda ni kwa sababu ilikuwa siku ya uamuzi, na mtu katika siku ya uamuzi hutaka kufanya jema. Akagonga. Kimya. Akaita, "Mama Chensa," kimya. Hakujua kwamba mama Chensa yuko juu ya paa anawalisha sungura, na redio inamwimbia. Basi huruma ikamjaa kifuani. Maskini bibi wa watu, akawaza, ametoka, amesahau, na njia hii inapita kila mtu. Akaushika ufunguo ule mzito wa chuma, akauzungusha mara mbili, kitasa kikalia kwa sauti ya kupendeza mno masikioni mwake, akauchomoa, akautia mfukoni, akafunga zipu mpaka mwisho. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la uwanja wa kanisa, na kwa mara ya kwanza tangu afike kisiwani akajiona ni jirani wa maana.

Wakati yeye akifurahia benchi lake, Nazju muuza mkate akaingia mtaani na gari lake, akipiga honi. Nazju hukata kona ile kila asubuhi, husimama kwa Chensa, husukuma mlango, huweka mkate juu ya meza, hula kipande cha jibini bila kuulizwa, hutoka. Siku hiyo akanyoosha mkono, na mkono ukashika hewa. Akatazama tundu la kitasa. Akausukuma mlango, mlango haukutikisika.

Nazju akavua kofia.

Wenye macho dirishani waliona kofia ikivuliwa, na hawakuhitaji kuelezwa. Milango ikafunguka juu na chini ya mtaa kama ndimi zilizokatazwa kusema muda mrefu. Huyu akatoka na bakuli la supu, yule akatoka na rozari, mwingine akatoka na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Na Tineke naye akatoka, kisu cha jibini bado kiko mkononi. Wakauzingira ule mlango. Kila mmoja akagonga kwa zamu yake, maana hakuna aliyeamini ugongaji wa mwenzake. Na mtu akaanza kusali.

"Kuna nini huko chini?" sauti ikauliza kutoka juu.

"Chensa ametutoka," Nazju akajibu, kichwa kimeinama.

"Chensa yupi?"

"Chensa wetu, wa jibini." Kisha akainua macho. "Ala. Mbona uko juu?"

"Nalisha sungura. Wewe mbona unalia?"

"Silii. Ni unga."

"Sasa mbona hamwingii ndani, mmesimama kama mnangoja basi?"

"Tutaingiaje? Ufunguo haupo."

Mama Chensa akashuka ngazi za ndani, na mtaa wote ukasikia kitasa kikitikiswa, kikitikiswa tena, halafu kikitukanwa. Akatokea kwenye roshani ya mbao, uso umewiva.

"Nimefungiwa," akatangaza. "Nimefungiwa ndani ya nyumba yangu kama mbuzi wa sikukuu. Na maziwa yako motoni. Aliyefanya hivi akijitokeza sasa nitampiga kwa ufagio. Akijitokeza baadaye nitampiga kwa kitu kingine."

Basi katika saa hiyo hiyo akakata kona Wiebe mwana wa Terpstra, akitoka uwanja wa kanisa. Akauona umati. Akawaona watu wamesimama mbele ya mlango aliouokoa. Na moyo wake, Mungu amsamehe, ukaruka kwa furaha, kwa maana miaka yote aliyokaa bima alitabiri wezi, na leo wezi hatimaye wamekuja. Akajongea kwa hatua za mtu anayetarajia kushangiliwa, akapasua umati, akapanda ngazi moja ya mlango, akainua mkono.

"Enyi watu wa Ghasri," akanena, "tulieni. Mnyang'anyi amekuja, naye ametoka mikono mitupu. Kwa nini? Kwa sababu kuna jicho lililotangulia kuona. Ufunguo mnaoulilia haukuibiwa. Uko hapa, karibu na moyo wangu."

Akaishika zipu aifungue. Zipu ikakataa. Ilikuwa imeuma kitambaa, nayo ikakishikilia kama mbwa aliyepewa mfupa. Akaivuta juu, ikagoma. Akaivuta chini, ikagoma zaidi. Akapigana nayo pale ngazini, mguu mmoja mbele, jasho likimtoka, na watu wa Ghasri wakatazama vita hivyo, mpaka Tineke akaja na kisu cha jibini akaikomboa. Ufunguo ukatoka. Akauinua juu, ukang'aa.

Hakuna aliyeshangilia.

"Ni wewe?" mama Chensa akauliza kutoka roshani.

"Ni mimi," akajibu kwa fahari.

"Wewe ndiwe uliyenifungia?"

Hapo fahari ikaanza kumvuja. "Uliusahau mlangoni, mama."

"Niliusahau?" Mama Chensa akawageukia watu. "Mnasikia? Niliusahau. Tangu siku niliyoolewa niliusahau, na mume wangu akausahau mpaka akazikwa, na mama mkwe kabla yake aliusahau."

Mtaa ukacheka, na kicheko kikapanda mpaka kwa sungura. Mwenye supu ilibidi aiweke chini.

"Mfungulie kwanza," Nazju akasema, akifuta macho. "Maziwa yanaungua."

Wiebe akafungua. Nazju akauchukua ufunguo mkononi mwake, akaurudisha kwenye tundu, kwa nje, akaugonga na kiganja kama mtu anayempapasa punda wake.

"Sikiliza, bwana mkubwa," akasema. "Ufunguo ukiwa hapa, maana yake mtu yumo, sukuma uingie. Usipokuwapo, ametoka. Na mama Chensa Jumanne asubuhi hatoki. Sasa unataka tufikiri nini?"

"Lakini mwizi," Wiebe akasema, kwa sauti ndogo. "Mwizi akiingia?"

"Mwizi akiingia kwa Chensa," mwanamke wa sabuni akadakia, "ataketishwa, atapewa maharage, ataulizwa mama yake ni nani. Akitoka humo hataiba tena."

"Mwaka juzi nilianguka bafuni," mama Chensa akasema. Alikuwa ameshafika mlangoni, na ule ufagio alikuwa nao kweli, lakini alikuwa ameuegemea tu. "Nilianguka, na maji yalikuwa bado hayajapoa nilipomsikia huyu Nazju yuko sebuleni anakula jibini yangu. Ndiye aliyeniinua. Akafumba macho, maskini, akanigonga kichwa ukutani."

"Nilifumba kwa heshima," Nazju akasema.

Wakacheka tena. Wiebe hakucheka. Alitazama saa yake, kisha akautazama umati, kisha akaitazama saa tena. Maana alijua saa aliyouchomoa ule ufunguo. Na alikuwa ameketi kwenye benchi muda usiotosha hata benchi kupata joto. Katika muda huo mtaa mzima ulikuwa umekwisha kutoka, na supu imekwisha kupashwa moto. Katika maisha yake yote alikuwa amekadiria hatari ya mlango unaofunguka. Ya mlango usiofunguka hakuwahi kukadiria hata mara moja.

Akageuka kumtafuta mkewe. Tineke alikuwa anautazama ufunguo.

"Nilipiga lile bomba mpaka mkono ukafa ganzi," Tineke akasema taratibu, kama anayezungumza na kitasa. "Nikabadilisha mkono."

Basi sasa sikilizeni, enyi mliokohoa mkamaliza, kwa maana tumefika penyewe. Wiebe akashuka ngazi ya mama Chensa, akatembea mpaka mlango wake mwenyewe, na umati ukamfuata kwa sababu mikate ilikuwa bado haijauzwa na hakukuwa na la kufanya. Akapeleka mkono kiunoni. Ufunguo wa Wiebe ulining'inia kwenye mnyororo, mnyororo ulifungwa kwenye mkanda, na mkanda ulikuwa na kishikizo cha ziada. Akavua kishikizo. Akafungua mnyororo. Akautoa ufunguo kwenye pete, akavunjika ukucha, hakulalamika. Akauingiza katika tundu la kitasa, kwa nje, upande wa barabara, peupe.

Ila mkono haukuachia.

Loo, mapambano yaliyokuwa pale. Miaka yote ya bima ikaja ikapanga safu nyuma yake: mabomba yote yaliyopasuka, madirisha yote yaliyovunjwa, televisheni zote zilizopotea Leeuwarden na viunga vyake, zikamshika kiwiko zikimwambia, shika, Wiebe, shika. Naye peke yake upande wa pili, na Tineke amesimama pale, hasemi kitu, hamsaidii, maana alikwisha kuahidi. Mishipa ikamsimama shingoni.

"Anauaga," mtu akanong'ona.

"Uachie, mwanangu," mama Chensa akasema. "Hauna mabawa."

Kidole kidogo kikaachia. Cha pili kikafuata. Cha katikati kikagoma, kikashawishiwa, kikaachia. Kikabaki cha shahada na gumba, ndugu wawili wakaidi, wameng'ang'ania kama watoto siku ya kwanza ya shule. Halafu navyo, polepole, vikafunguka. Mkono ukarudi kando ya mwili, mtupu. Ufunguo ukabaki.

"Sasa ondoka hapo," Nazju akasema. "Ukisimama kuulinda haihesabiki. Njoo ununue mkate."

Gari la mkate lilikuwa mwisho wa mtaa. Wiebe akageuza mgongo, akatembea. Mgongo uliwaka moto, shingo ilitaka kugeuka, akaikatalia. Katikati ya njia akasikia nyuma yake sauti aliyoijua, bawaba ya mlango wake ikilia, na hatua za mtu zikiingia nyumbani kwake. Akasimama. Mtaa wote ukashika pumzi. Akainua mguu, akaendelea mbele, akachagua mkate, akauliza kama umeiva vizuri chini.

Kengele ya adhuhuri ikaanza kulia. Na hapo Leli akakata kona kwa mwendo wake usio na haraka, nyuma yake mume na mke wa Bremen wamevaa kofia za jua zinazofanana. Akafika mbele ya nyumba yake. Akautazama mlango. Akautazama ufunguo kwa muda mrefu, kisha akawageukia wageni.

"Samahanini sana," akasema. "Humu mna watu."

"Lakini ulituambia—"

"Nilisema mpaka adhuhuri, na adhuhuri ndiyo hii. Shemeji yangu ana nyumba nzuri kule chini. Twendeni. Picha zake nilipiga mimi mwenyewe."

Alipompita Wiebe, akampunguzia mwendo, jambo ambalo hatukudhani linawezekana. "Basi ni ndiyo?"

"Kwani huna macho?" Wiebe akasema.

Hilo ndilo jibu la kwanza alilowahi kumjibu mtu wa Ghasri kama jirani anavyomjibu jirani, na Leli alilisimulia kwa wiki nzima. Tineke akamnyang'anya mumewe mkate, akamega ncha yake kwa mkono, akala pale pale barabarani, huku machozi yakimshuka. Na Nazju akawaambia watu kwamba leo unga umezidi.

Na iandikwe hivi, kwa herufi kubwa, juu ya matendo yote ya watu wa ng'ambo waliokuja visiwani kupima na kukadiria: kwamba Jumanne hiyo, saa za baada ya chakula, Wiebe mwana wa Terpstra, Bwana wa Makomeo, aliketi kwenye kiti cha sebuleni akafumba macho kidogo tu. Mama Chensa akaingia, akaacha jibini nne juu ya meza. Mwanamke wa sabuni akaingia, akaazima chumvi. Akaingia mtu ambaye mpaka leo hatujamjua, akafunga dirisha lililokuwa linapigapiga, akatoka. Naye Wiebe alikuwa amelala mdomo wazi, anakoroma, na hakuna hata mmoja aliyemsikia akiuliza nani huyo.